Mkwe hana aibu, ana haya

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuja Mikindani kuwasalimu wakwe kwa mara ya kwanza tangu ndoa. Jioni jamvi likatandikwa, ukaletwa wali wa nazi na mchuzi wa changu, naye akatengewa nafasi kati ya wajomba. Akanawa, akala matonge matatu, tuseme manne, kisha akaisukuma sahani mbele kidogo. "Nimeshiba, ahsanteni." Mjomba akambembeleza, yeye akaapa kuwa tumbo limejaa. Saa nne usiku mdogo wangu, aliyetumwa mafuta ya taa, akamkuta njia panda, gizani chini ya mwembe, kwa mama muuza ming'oko, vile viazi vya porini vya huku Kusini. Alikuwa anamenya wa tatu.

Mtoto alirudi mbio. "Bibi, shemeji anakula ming'oko barabarani! Ana aibu, jamani!"

Bibi alikuwa anafunga banda la kuku. Hakugeuka. "Mkwe hana aibu. Mkwe ana haya. Aibu ni yetu, tuliomlaza na njaa."

Nimekisema Kiswahili tangu nilipoanza kusema, na usiku ule ndipo nilipotambua kwamba kati ya maneno hayo mawili kuna ukuta. Kwangu mimi, kama kwa vijana wengi wa Mtwara mjini siku hizi, haya na aibu vilikuwa kitu kimoja chenye majina mawili. Bibi alikuwa na vitu viwili, na kila kimoja na mwenyewe. Nimelifuatilia jambo hilo tangu hapo, na kila nilipovuta uzi mmoja ulikuja na mwingine.

Tuanze na fundo jepesi. Neno haya linaandikwa sawasawa na maneno mengine mawili yasiyo ndugu zake. Ukitaka kumhangaisha mgeni anayejifunza lugha, mpe sentensi hii: "Haya, mambo haya hayana haya!" Haya ya kwanza ni ya kuhimiza, na Waarabu nao wana hayya yao ya kumwambia mtu twende. Ya pili ni kionyeshi, Kibantu kitupu, jamaa ya hawa na hizi. Ya mwisho ndiyo tunayoitafuta, nayo imetoka Uarabuni. Ila Kiarabu kina h zaidi ya moja: ipo nyepesi ya kuhema, ipo nzito inayokwaruza koo. Hayya ya kuhimiza ina ile nyepesi, haya ya usoni ina ile nzito. Sisi tulipozipokea tukazitamka zote kwa pumzi ileile, na maneno yaliyokuwa mbalimbali yakagongana mdomoni. Wahaya wa Kagera hawamo katika kesi hii, ingawa watani wao watakuambia vingine.

Hiyo h nzito ndiyo inayotuonyesha ukoo wake. Katika Kiarabu, haya imechipuka kwenye mzizi mmoja na uhai. Humo tumechota hai, tukaitilia u yetu ikawa uhai. Tumechota hayawani, ambaye kwao ni kiumbe chenye uhai na kwetu ameshuka cheo akawa mnyama, kisha akawa tusi. Tumechota pia hayati, ambalo kwao ni maisha, na sisi tunalitanguliza mbele ya jina la aliyekwisha kufa: hayati Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, Masasi, aliyefariki Julai 2020. Kwa hiyo neno la uhai tumelipa kazi ya kuwataja waliouacha. Wanazuoni wa Kiislamu wamelipenda sana jambo hili la mzizi mmoja, wakasema moyo ulio hai ndio wenye haya, na uliokufa hauoni kitu.

Kuona, hasa. Angalia kitenzi tunachokitumia. Mtu huona haya, kama anavyoona baridi au kizunguzungu. Waliotafsiri Biblia ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, walikwenda na kitenzi hichohicho. Mwanzo 2:25 wakaandika kwamba Adamu na mkewe walikuwa uchi wote wawili "wala hawakuona haya". Na katika Luka 16:3 yule wakili anayefukuzwa kazi anajisemea: "Kulima siwezi, kuomba naona haya." Huyo wakili hajaomba bado. Hakuna aliyemcheka. Haya imemwahi kabla hajanyoosha mkono, na hapo ndipo inapoachana na aibu.

Aibu, katika Kiarabu, ni kasoro. Ni kovu, ni dosari, ni uzi uliokatika ndani ya kitambaa. Katika sheria ya biashara ya Kiislamu, mnunuzi aliyekuta aibu kwenye bidhaa, ambayo muuzaji hakumwambia, ana haki ya kuirudisha. Hapo aibu haina uso mwekundu wala macho ya chini. Ni tundu kwenye shuka, au ng'ombe mwenye chongo aliyeuzwa kama mzima. Wazee wa pwani walikuwa wanaijua maana hiyo vizuri. Ndiyo maana wakasema "aibu ya maiti aijuaye mwosha". Maiti haoni haya, amekwisha pita huko. Lakini mwilini mwake kuna alama ambazo mwosha peke yake ndiye aliyeziona, naye anatakiwa azifunge pamoja na sanda.

Sasa rudi kwenye banda la kuku. Mdogo wangu aliposema shemeji ana aibu, masikio ya Bibi yalisikia kwamba mkwe ana kasoro, yaani dada yetu kaolewa na bidhaa mbovu. Lazima ange­ruka. Na aliposema aibu ni yetu, alikuwa akitafuta doa liko wapi, akalikuta kwenye nyumba ambayo mgeni wake anakula barabarani. Sentensi mbili tu, na hesabu imefungwa.

Kwa namna ninavyoielewa mimi, haya ni breki na aibu ni mkwaruzo kwenye bodi. Aliyemtazama kuku wa jirani akameza mate akapita zake, ameona haya. Aliyepita sokoni na kuku huyo kwapani huku watu wakimzomea, amepata aibu. Wapo wenye haya nyingi ambao hawajawahi kupata aibu, na wapo walioaibika mara kumi bila kuonja haya hata siku moja. Hao ndio tunaowaita wakavu wa macho, kwa kuwa "uso umeumbwa na haya", na uso usio nayo huonekana kama umekaushwa juani.

Fedheha ni hatua nyingine tena. Kiarabu chake ni kufichua, kulitoa nje lililofunikwa. Nyumba yaweza kuishi na aibu yake miaka ishirini, wenyewe wanaijua na wanaisitiri. Siku inapotoka barazani ndipo inapokuwa fedheha. Hivyo mtu hufedheheka mbele ya watu, na kwenye kisiwa kisicho na mwingine hawezi kufedheheka.

Na kutahayari? Hili lilinichezea. Kwa kuwa lina haya tumboni, nilikuwa na hakika ni mtoto wake. Siye. Ile r ya mkiani ndiyo inayolisaliti: limetoka kwenye neno la Kiarabu la kupotewa, la mtu aliyesimama njia panda asijue ashike ipi. Waswahili tukaliona limekaa karibu na haya kwa sauti, tukaliambatanisha nalo kwa maana, na leo aliyetahayari ni aliyeona haya hadi akakosa pa kuweka mikono yake. Kusema kweli limependeza zaidi kwetu kuliko lilikotoka.

Lakini lililonishangaza kuliko yote ni ari. Sikiliza linavyotumika: kufanya kazi kwa ari, kutiana ari. Mwaka 2005 Jakaya Kikwete aliingia madarakani na kaulimbiu ya "Ari mpya, nguvu mpya, kasi mpya", na nchi nzima ikaimba. Basi huko lilikotoka, ari ni aibu. Ni fedheha, ni kitu cha kumwinamisha mtu kichwa. Limegeukaje? Nadhani ni kwa njia ya kawaida kabisa, ile unayoiona kwenye kiwanja cha mpira. Timu imefungwa mawili, watu wanacheka, na wachezaji wanatoka mapumzikoni wakiwa wamebadilika. Kilichowasukuma ni kutotaka aibu. Lugha ikakiacha kile kinachokimbiwa, ikakipa jina lake kile kinachokimbia.

Hadi hapa utadhani kwamba kabla ya majahazi watu wa huku hawakuwa na neno la jambo hili. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akaukuta mji wenye misikiti na sultani, na maneno ya Kiarabu yalikuwa yanaingia kwa mlango wa msikiti na kwa mlango wa duka. Mimi huona kama haya iliingia kwa mlango wa kwanza na aibu kwa wa pili, lakini hayo ni yangu. Ndani walikuta neno limekwisha kaa. Neno hilo ni soni.

Leo soni imebaki kuwa mkia. Mara nyingi tunaisikia ndani ya msemo mmoja, "bila haya wala soni", na wengi hudhani imewekwa pale kwa ajili ya mapambo. Kumbe ndiyo mwenye nyumba. Ukienda Masasi au Tunduru ukawasikiliza Wayao, utaikuta iko wima, soni ileile, inafanya kazi zote peke yake. Ukienda mbali zaidi inabadili nguo lakini sura haipotei: Wakikuyu wana thoni, Waganda wana ensonyi, Wakongo wana nsoni, Wazulu wana izinhloni. Neno lililotapakaa kutoka mlango wa mto Kongo hadi Natal halikuletwa na meli ya mtu. Lilitembea kwa miguu pamoja na Wabantu wenyewe.

Na hapa uzi unarudi kwa shemeji. Kwa Wakikuyu, jina la kike Muthoni, ambalo hata Tanzania tunalisikia, maana yake ni mkwe. Mkwe ni mtu wa soni, ndivyo jina linavyosema. Wazulu kutoka neno hilohilo wamepata hlonipha, kuheshimu, na heshima yenyewe ni hii: mke hatamki jina la baba mkwe, na zamani aliziepuka hata silabi zake katika maneno mengine, akatafuta neno jipya la kila kitu kilichofanana na jina lile. Kwetu Kusini hatujafika huko, lakini nani asiyeijua njia ya kijijini ambapo mwanamume akimwona mama mkwe wake anakuja hupinda, akajifanya ana shughuli na mkorosho ulio pembeni? Nani asiyejua kwamba hawali sahani moja? Halafu kwa bibi yake mzaa mama, mwanamume huyohuyo anaitwa "mume wangu" mbele ya watu na anajibu kwa kudai chakula. Soni ina ramani. Imewekwa kwa wakwe na imeondolewa kwa mabibi na watani, na mtani wa kweli huweza hata kulala kwenye jeneza msibani asidaiwe kitu.

Shemeji chini ya mwembe, basi, alikuwa anatii neno lililo kongwe kuliko Kilwa. Haya ni kanzu tu, mwili ni soni.

Inabaki habari ya njaa. Alijinyima chakula, na Kiswahili kina maneno kadhaa ya kujinyima yasiyolingana. Kujinyima kwenyewe ni kwa kawaida sana: mkulima wa Newala anayekula muhogo ili mbegu za choroko zibaki, mzazi anayevaa shati moja mwaka mzima ada ya mtoto ipatikane. Hapo mtu anajikatalia kitu leo kwa ajili ya kitu kesho. Kujikana ni kuzito zaidi. Ndilo neno la Injili, "na ajikane mwenyewe, ajitwike msalaba wake", na mzizi wake, kana, ni wa kukataa kuwa mtu unamjua. Anayejikana hajinyimi wali, anajifanyia kile Petro alichomfanyia Yesu uani kwa kuhani mkuu. Zuhudi nayo ni ya Kiarabu, ya kuacha kuipa dunia uzito, na mwenye zuhudi ya kweli halalami na njaa ya wali kwa sababu hautamani tena.

Shemeji hakuwa hata mmoja wa hao. Aliutamani wali, alikuwa na haki nao, ulipikwa kwa ajili yake. Haya ndiyo iliyomnyima. Na sidhani kama tunalitazama vya kutosha jambo hili, kwamba haya huchukua vitu mikononi mwa watu, na mara nyingi huwachukulia wapole.

Lina historia ndefu. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume (S.A.W.) alimpita mtu akimlaumu nduguye kwa wingi wa haya zake. Wafafanuzi wanasema haya hizo zilikuwa zinamkosesha huyo ndugu haki zake. Mtume akasema amwache, kwani haya ni katika imani. Kwa miaka yote nilisikia jibu tu, linasemwa kwenye mawaidha kila mwezi. Siku hizi namfikiria na yule mlaumu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anamwona nduguye anadhulumiwa na hasemi.

Namfikiria hasa miezi ya kabla ya msimu wa korosho. Tangu mwaka 2007 tunauza kwa stakabadhi ghalani: unapeleka chama cha msingi, unasubiri mnada, unasubiri malipo. Kabla ya hapo njaa ipo. Mwenye njaa angeweza kumwendea kaka yake akasema nisaidie debe la unga, lakini kuomba anaona haya, kama yule wakili wa Luka. Basi usiku anamwendea mnunuzi wa kangomba, yule wa magendo, anamuuzia kwa bakuli korosho ambazo bado ziko mtini, kwa bei ya kutupa. Serikali inapiga vita kangomba kwa askari na vizuizi, na ni sawa. Ila baadhi ya bakuli zile zimejazwa na haya, na hiyo haikamatiki barabarani.

Wazee nao walijua. Ndiyo maana methali zetu hazikuiachia haya itawale yote. "Mficha uchi hazai" ni onyo la wazi, lenye ukali wa makusudi: kuna mlango ambao ukiufunga kwa haya, umejifungia uzao. Na unyago ulijengwa juu ya onyo hilo. Mama hawezi kumwambia binti yake mambo ya utu uzima, haya inamkataza, na hakuna aliyetarajia aivunje. Akatafutwa kungwi, asiye mama, awe na ruhusa. Ndani mambo yanatajwa kwa majina yake, kwa ngoma na nyimbo. Mwali anatoka nje amefunikwa kanga, macho chini, akiwa na haya kuliko alivyoingia. Watu wa mjini huona hapo kuna kujipinga. Mimi sioni. Haya haikuondolewa, imezungukwa, kama mtu anavyouzunguka mbuyu badala ya kuukata.

Leo mitaani Mtwara, Ligula, Magomeni, popote, kijana atasema "naona aibu" kwa kila kitu: kusimama mbele ya darasa, kumsalimia msichana, kukamatwa anadanganya. Aibu imekula haya, na soni ilikwisha liwa zamani. Sigombi na lugha, itakwenda itakako. Najiuliza tu, mtoto mwenye haya atakapoambiwa kila siku kwamba ana aibu, masikio yake yatasikia kipi.

Asubuhi ya pili Bibi hakumwita shemeji jamvini. Alichemsha ming'oko chungu kizima, akamimina chai ya maziwa kwenye chupa, akaziba sinia kwa kawa, akamtuma mdogo wangu aliweke ndani ya chumba cha mgeni, atoke, na avute mlango nyuma yake. "Na usikae dirishani," akamwambia.

Saa nne sinia likarudi. Ndani kulikuwa na maganda, na chupa ilikuwa nyepesi.